Diski zimejaa harusi: nizibane kwa H.265?

Swali: Salaam. Napiga video za harusi na shughuli hapa Ngamiani, Tanga, tangu 2018. Nina diski mbili za nje, kila moja terabaiti 4, zote zimejaa mafaili ya .MTS ya kamera na mengine ya simu. Nasikia H.265, mfumo wa kubana video, inapunguza faili hadi nusu bila picha kuharibika, na wapo wanaoniambia AV1 ndiyo ya kisasa zaidi. Nimejaribu mara mbili nikakwama. Video niliyotumiwa kwa WhatsApp ilitoka kubwa kuliko ilivyoingia. Harusi niliyompa mteja kwenye flashi ikatoa sauti tu kwenye TV yake, picha hakuna. Kompyuta yangu ni i5 ya kizazi cha nane, RAM gigabaiti 8, haina kadi ya picha. Nifanyeje, na je, baada ya kubana naweza kufuta za mwanzo?

Jibu: Ndugu yangu, umechanganya kazi mbili, na ndiyo maana majaribio yako yote mawili yamekugomea. Kubana video ili ukae nayo wewe ni kazi moja, kubana video ili umpe mteja ni kazi nyingine. H.265 inakufaa kwenye ile ya kwanza. Kwenye flashi ya mteja, endelea na H.264, mfumo uliotangulia H.265, bila kuona haya.

Nianze na TV, maana hiyo ndiyo iliyokuaibisha mbele ya watu. Ndani ya faili moja la video mna vitu viwili vinavyojitegemea: picha imebanwa kwa namna yake na sauti kwa namna yake. TV ile iliielewa sauti, kwa kuwa AAC, mfumo wa kubana sauti, ni ya zamani na kila chombo kinaijua, lakini ndani yake hamna cha kufungulia H.265. H.264 ilitoka mwaka 2003, H.265 mwaka 2013. TV za 4K kwa kawaida zinaifungua H.265, lakini TV nyingi za Full HD zilizo sebuleni kwa watu hazina uwezo huo, na hakuna kitu cha kupakua kitakachouongeza. Kama uliibana kwa biti 10 (zinazohesabu rangi kwa ngazi nyingi kuliko biti 8), mambo yalizidi kuwa magumu, kwa sababu zipo TV zinazofungua H.265 ya biti 8 na kugoma kwenye biti 10.

Kwa flashi ya mteja basi: H.264, biti 8, pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, sauti AAC, faili la MP4. Usimpe fremu 50, TV za zamani hukwamakwama hapo. Angalia pia flashi yenyewe. Ikiwa imefomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na TV za zamani nyingi hazisomi kitu kingine zaidi ya FAT32. Hesabu yake ni nyepesi: megabiti 4 kwa sekunde ni nusu megabaiti, kwa hiyo saa mbili zinachukua gigabaiti 3.6, ukijumlisha na sauti unafika kama 3.75. Inaingia. Harusi ikiwa ndefu zaidi ya hapo, igawe sehemu mbili, kwa mfano nikahi na ukumbini. Kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubana video, chagua „Avg Bitrate“, andika 4000, na weka alama ya mizunguko miwili ili programu iipitie video kwanza kabla ya kugawa biti.

Sasa ile ya WhatsApp. Iliongezeka kwa sababu haikuwa na mafuta ya kukatwa. WhatsApp imeshaibana kabla haijakufikia. Ukiiingiza HandBrake na kuomba ubora wa juu, programu haijui kwamba ile miraba na ukungu ni uharibifu. Inaviona ni sehemu ya picha, inahangaika kuvihifadhi vyote kwa uaminifu, na uaminifu huo unalipiwa kwa megabaiti. Kwa hiyo kabla ya kugusa faili lolote, lifungue kwa MediaInfo (ni ya bure) usome kasi ya biti, yaani megabiti ngapi kwa sekunde. Video ya Full HD iliyo chini ya megabiti 5 au 6 kwa sekunde iache ilivyo. Utapoteza muda na ubora ili kuokoa kitu cha kujazia kiganja.

Mafaili ya .MTS ni habari nyingine. Kamera hizo zinaandika AVCHD, ambayo ni H.264 iliyobanwa haraka haraka na chipu ndogo ndani ya kamera, mara nyingi kwa megabiti 17 hadi 24 kwa sekunde. Kwa megabiti 24, saa moja ni gigabaiti 10.8. Hapo mafuta yapo. H.264 hukata picha vipande vya pikseli 16 kwa 16. H.265 inaruhusu vipande vya hadi 64 kwa 64, kisha inavigawa vidogo pale tu penye mambo mengi. Pazia jeupe la nyuma ya maharusi linaelezwa kwa vipande vichache vikubwa, na biti zilizookolewa zinakwenda kwenye shanga za gauni na nyuso za watu.

Ila nusu hiyo unayoisikia si ahadi. Mzee anayetoa nasaha amekaa kwenye kiti, kamera ipo kwenye stendi, video yake itashuka hata chini ya theluthi ya ukubwa wa mwanzo. Picha ulizopiga Raskazone maharusi wakiwa na mawimbi nyuma yao hazitashuka hivyo, kwa sababu maji hayajirudii na enkoda, yaani kile kinachobana video, haina cha kunakili kutoka fremu iliyopita. Shamba la mkonge kwenye upepo ni hivyo hivyo. Na ukumbi wenye giza, kamera ikiwa imepandisha gain (kukuza mwanga kidogo uliopo), unajaa chenga ambazo ni mpya kila fremu. Hapo unabana chenga zaidi kuliko unavyobana harusi.

Kabla hujaanza, piga hesabu ya muda. Terabaiti 8 za AVCHD ya megabiti 24 ni kama saa 740 za video. Tuseme kompyuta yako, ikitumia x265 (enkoda ya H.265 inayotumia nguvu za prosesa) kwa mwendo wa „slow“, inachakata fremu 10 kwa sekunde. Video ya fremu 50 itachukua saa tano kwa kila saa moja. Hiyo ni saa 3,700, siku 154, usiku na mchana, bila umeme kukatika. Mashine inayokula wati 100 itakuwa imemaliza uniti 370. Uniti zenyewe si nyingi ukilinganisha na bei ya diski. Kinachouma ni miezi mitano ya kompyuta ambayo hukuweza kuihariria kazi mpya.

Kwa hiyo usibane zote. Ningezigawa hivi. Kazi ambazo hazijahaririwa au mteja bado anaweza kudai marekebisho, zisiguswe kabisa, H.265 ni nzito kuhariri, kwenye mashine yako ukivuta kishale cha muda itakuwa inagandaganda. Harusi zilizokwisha na kukabidhiwa, zile unazoziona ni kumbukumbu au za kuonyeshea kazi yako, zipeleke x265 ya polepole. Rundo lililobaki la zamani, ambalo hata wewe hujalifungua miaka mitatu, lipeleke kwenye enkoda iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Kwa kuwa huna kadi ya picha na kompyuta inaonyesha picha, maana yake i5 yako ina kitengo cha picha cha Intel, na kizazi cha nane kinabana H.265 hata ya biti 10. Kwenye HandBrake imeandikwa „H.265 (Intel QSV)“. Inakimbia mara nyingi kuliko x265 na prosesa haitoki jasho. Hasara yake ni kwamba kwa ukubwa uleule wa faili picha yake ni dhaifu kidogo, hivyo ipe namba ya ubora iliyo ndogo zaidi (ndogo ndiyo yenye ubora mkubwa) na ukubali faili kubwa kiasi.

Anza na jaribio la dakika moja, na usichague dakika rahisi. Chukua ile bi harusi anaingia, taa za rangi zinazunguka, watu wamesimama wanatunza noti. Fungua dirisha la amri kwenye folda husika, ukiwa na ffmpeg (programu ya video inayoendeshwa kwa amri za kuandika) tayari, andika:

ffmpeg -ss 00:12:00 -t 60 -i 00012.MTS -vf bwdif=mode=send_field -c:v libx265 -preset slow -crf 21 -pix_fmt yuv420p10le -c:a copy jaribio.mkv

Dakika moja ya megabiti 24 ni megabaiti 180. Linganisha na ulichopata. Programu ikiwa inafanya kazi, soma pia idadi ya fremu kwa sekunde inayoonyesha, uiweke kwenye hesabu ile ya juu badala ya 10 yangu ya mfano.

Namba ya kuzingatia hapo ni crf. Ndogo ina maana ubora mkubwa na faili kubwa. Kwa Full HD ya kuhifadhi, kaa kati ya 20 na 22. Ukipandisha kwa 6, ukubwa hushuka karibu nusu, lakini 27 ni ya kuangalia kwenye simu. Usihamishe namba za H.264 kwenda H.265 ukidhani zinalingana: chaguo-msingi la x264, enkoda ya H.264, ni 23 na la x265 ni 28, kila moja ina mizani yake.

Jaribio likiisha, usilitazame likikimbia. Lisimamishe. Weka ya mwanzo na mpya, fremu ileile, uangalie sehemu tatu: nywele na ushungi, kivuli chini ya meza, na ukuta au pazia lililopigwa taa ya zambarau. Pazia ndilo linalosema ukweli. Ubora ukipungua, rangi inayofifia polepole kutoka zambarau hadi nyeusi huvunjika ikawa ngazi ngazi, kama mistari ya ramani. Ndiyo sababu nimekuwekea biti 10 hapo juu (ile yuv420p10le). Hata kama kamera ilirekodi biti 8, kubana kwa biti 10 kunapunguza ngazi hizo bila kukuongezea ukubwa wa maana. TV ya mteja haiihitaji, lakini hii si ya mteja.

Kile kipande cha bwdif usikipuuze. Fungua faili kwa MediaInfo, mahali pa „Scan type“. Ikiwa pameandikwa „Interlaced“, kila fremu imesukwa kwa nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti, mstari wa huku na mstari wa huku, kama ukili. Ukibana bila kuufumua msuko huo, mikono ya wacheza ngoma itatoka na meno ya kitana pembeni, na enkoda itapoteza biti nyingi kuyahifadhi meno hayo. Amri niliyokupa inafumua kila nusu iwe fremu kamili, kwa hiyo fremu 25 zinakuwa 50 na mwendo unabaki laini. Kwa flashi ya mteja andika send_frame, zibaki 25. Na kama „Scan type“ ni „Progressive“, toa kipande chote cha -vf, maana kufumua kisichosukwa kunaharibu picha bure.

Wengi huunganisha harusi nzima kwanza halafu ndipo wanabana. Usifanye hivyo. Umeme ukikatika saa ya tatu, umepoteza saa tatu. Bana kipande kwa kipande kama kamera ilivyoviandika. Kuna hali moja tu ya kuunganisha: kamera inapogawa rekodi moja ndefu, kwa sababu kadi haipokei faili kubwa, vipande hivyo vikibanwa peke yake sauti inaweza kukatika kidogo kwenye maungio. Hivyo viunganishe bila kubana:

copy /b 00021.MTS+00022.MTS mawaidha.MTS

Sekunde chache, hakuna ubora uliopotea. Hilo linawezekana kwa .MTS kwa sababu ya namna data yake ilivyopangwa. Kwa MP4 usithubutu.

Umeme ndio sababu nyingine iliyonifanya niandike .mkv na si .mp4. Kwa kawaida MP4 huandika faharasa yake mwishoni, kazi ikiisha. Ikikatizwa kabla, unabaki na gigabaiti 2 ambazo hakuna kicheza video kitakachozifungua. MKV huandika njiani, na iliyokatika inacheza hadi pale ilipofikia. Ukihitaji MP4 baadaye, unahamisha tu kutoka chombo hadi chombo bila kubana upya:

ffmpeg -i 00012.mkv -c copy -tag:v hvc1 00012.mp4

Hiyo hvc1 ni kwa ajili ya iPhone na Mac. Bila hiyo, H.265 nzima kabisa inaweza kukataa kufunguka huko.

Folda nzima ukiitaka iende usiku:

for %f in (*.MTS) do ffmpeg -n -i "%f" -vf bwdif=mode=send_field -c:v libx265 -preset slow -crf 21 -pix_fmt yuv420p10le -c:a copy "D:\zilizobanwa\%~nf.mkv"

Tengeneza kwanza folda ya zilizobanwa, ffmpeg haiitengenezi yenyewe. Ukiihifadhi amri hii ndani ya faili la .bat, kila alama ya asilimia iwe mbili, yaani %%f na %%~nf, la sivyo itakataa. Ile -n inasema usiandike juu ya kilichopo. Umeme ukirudi, futa faili la mwisho lililoishia njiani, rudia amri ileile, na itaruka yote yaliyokwisha. Zima pia „Sleep“ kwenye mipangilio ya umeme. Wengi wameamka asubuhi wakakuta kompyuta ililala kabla yao.

Kuhusu joto: x265 huifanyisha prosesa kazi kwa asilimia mia kwa saa nyingi, kitu ambacho kuhariri hakufanyi. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, chumba cha Ngamiani kisicho na kiyoyozi si mahali pa kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya godoro. Prosesa ikipata moto hujipunguza kasi yenyewe, na utaona fremu zinashuka kutoka 10 hadi 6 bila kuelewa kwa nini. Inyanyue kwa vitabu viwili ili hewa ipite chini, safisha vumbi kwenye feni. Kama bado inachemka, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha „Maximum processor state“ kutoka 100 hadi 99. Asilimia moja hiyo inaizuia prosesa kupanda kwenye kasi yake ya ziada. Utapoteza kiasi cha mwendo, lakini joto litashuka sana. RAM yako ya gigabaiti 8 inatosha kwa Full HD. Kwa 4K funga kivinjari na kila kitu kingine.

Video za simu zina ugonjwa wao. Simu hairekodi fremu kwa kasi isiyobadilika. Mwanga ukipungua, inapunguza fremu. Baadhi ya programu za kuhariri zinashindwa kuufuata mwendo huo, na ukifika dakika ya ishirini mdomo wa kadhi unakwenda peke yake na sauti peke yake. Kwa mafaili ya simu tumia HandBrake, na kwenye sehemu ya „Video“ chagua „Constant Framerate“. Ukiwa humo, nenda „Dimensions“ uweke „Cropping“ kwenye „None“. HandBrake hutafuta mistari myeusi ya pembeni na kuikata yenyewe, na ukumbi wenye giza unaweza kuidanganya ikakata picha halali.

Sasa kufuta. Usifute siku ileile. Kwanza ipitishe kila faili kwenye hii:

ffmpeg -v error -i 00012.mkv -f null -

Inalifungua faili zima tangu mwanzo hadi mwisho bila kuandika chochote. Ikikaa kimya, faili ni zima. Ikitapika mistari ya makosa, bana upya. Kisha linganisha urefu wa muda: ya mwanzo ikiwa dakika 14 na sekunde 32, mpya nayo iwe hivyo. Halafu ruka mwanzo, katikati na mwisho kwa macho na masikio, maana faili zima linaweza kuwa halina sauti kwa sababu uliandika amri vibaya. Baada ya hapo weka nakala ya pili ya zilizobanwa kwenye diski nyingine, ndipo ufute. Hujasema kama diski zako mbili zina vitu vilevile au kila moja ina vyake. Kama kila moja ina vyake, basi huna akiba hata ya harusi moja, na nafasi ya kwanza utakayookoa itumie kwa nakala hizo kabla ya kazi mpya. Hewa ya chumvi ya hapo pwani haina urafiki na viunganishi vya diski.

Zile chache unazojivunia kuliko zote, bakisha .MTS yake hata baada ya kubana. Kila ubanaji unapoteza kitu, na ukija kubana tena kwa mfumo mwingine baada ya miaka kumi, utataka kuanzia kwenye ya kamera.

AV1 ilitoka 2018, waundaji wake hawatozi ada ya leseni, na kwa ukubwa mdogo inaishinda H.265. Lakini i5 ya kizazi cha nane haina sehemu ya kuifungua ndani ya chipu. Intel waliiweka kuanzia kizazi cha 11, na kwa upande wa kubana ilibidi kusubiri kadi za picha za Arc (za Intel) na RTX 40 (za Nvidia) za mwaka 2022. Mashine yako itaibana kwa nguvu za prosesa tupu, kisha itatumia nguvu hizohizo kila unapoitazama. Ukinunua kompyuta mpya, jaribu SVT-AV1, enkoda ya AV1 iliyomo ndani ya HandBrake, mwendo namba 6, ubora 28 hadi 30. Ina mizani yake yenyewe, kwa hiyo 30 hapo si ile 30 ya x265.